Nyumba ya Sauti Ianze kwa Kimya



Wiki hii twataka kuzungumza nanyi juu ya ujenzi, nao si wa kanisa wala wa shule. Ni ujenzi wa nyumba ya radio. Hapa Kolwezi, na katika miji mingine ya shaba, kama Likasi na Fungurume, mara kwa mara twasikia watu wakisema: "Na sisi tuwe na radio yetu." Neno hilo ni jema. Lakini toka neno jema mpaka kazi njema njia ni ndefu, nasi tulipata kuipita njia hiyo vibaya. Ndiyo sababu twaona yafaa tuwasimulie.

Miaka kadhaa iliyopita tuliwekwa katika kamati ya kujenga kituo kidogo cha radio. Tulichanga fedha, wengine faranga chache, wengine mfuko wa saruji, na akina mama wa shirika lao walileta maji na chakula cha mafundi. Tulijenga upesi. Tulipaka rangi nzuri ukutani. Tuliandika jina la kituo kwa herufi kubwa mbele ya mlango. Juu tuliweka mabati, na chini ya mabati dari ya mbao nyembamba. Kiangazi chote tulifurahi, kwa maana sauti ilitoka safi, na watu walitusifu sokoni.

Kisha mvua za Novemba zikaja. Jioni moja mama mmoja alituletea tangazo la msiba. Kaka yake amefariki, na mazishi yaliyotazamiwa Jumamosi yamerudishwa nyuma, yatafanyika Ijumaa. Jamaa zake walikaa kijijini, mahali ambapo simu haishiki, nao walizoea kutega radio kila jioni. Msemaji alisoma tangazo mara tatu. Lakini mvua ilipiga juu ya mabati, na kipaza sauti hakichagui; hupokea kila kinachosikika. Kule kijijini walisikia mshindo kama wa mafuta yanayokaanga, na ndani yake mtu anayenong'ona. Walikuja Jumamosi, wakakuta kaburi limekwisha kufunikwa.

Mzee wa jamaa ile alifika kwetu. Hakugomba. Alivua kofia, akaketi, akauliza swali moja tu: "Mwalimu, siku ile mlikuwa mkisema nini?"

Swali hilo hatujalisahau. Tangu siku ile tumejifunza kwa mafundi na kwa vitabu namna nyumba ya radio inavyopaswa kufikiriwa kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kaeni kitako kwanza

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, kwamba aketi kwanza na kuhesabu gharama zake. Mfano huo wafaa radio kuliko kazi nyingine yoyote, kwa kuwa radio nayo ina mnara wake.

Yafaa kuuliza kwanza: Tunasema na nani? Je, ni watu wa mjini tu, ama na wa vijiji vya ng'ambo ya Lualaba? Tunasema kwa lugha gani? Hapa kwetu Kiswahili chaunganisha wote, lakini nyanya wa Kisanga, wa Kindembo, wa Kilunda, wa Kichokwe au wa Kiluba hupenda pia kusikia habari za afya kwa lugha ya mamaye. Tutasema saa ngapi kwa siku? Na nani atalipa fundi mwaka wa pili, furaha ya ufunguzi ikiisha? Tena kuna ruhusa za serikali za kutafuta, ya kutumia masafa ya hewani na ya kutangaza. Baraza la juu la kusimamia radio na televisheni katika nchi yetu, liitwalo CSAC, liliwekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Haifai kujenga kwanza na kuomba baadaye.

Baada ya majibu hayo, hesabuni vyumba. Kituo kidogo chahitaji studio ya kusemea, chumba cha fundi anayeangalia studio kwa dirisha la kioo, chumba cha kutengenezea vipindi, chumba cha waandishi wa habari, chumba cha mtambo wa kurushia, chumba cha betri, choo, na baraza ya wageni. Ni afadhali vyumba vichache vilivyo vizuri kuliko vingi visivyofaa. Vyumba vya kimya viwekwe katikati ya nyumba, na ofisi na ghala vivizunguke kama ganda linavyozunguka karanga.

Hilo la ganda wenzetu wa mbali walilitambua zamani. Nyumba kubwa ya radio ya Waingereza mjini London, iliyofunguliwa mwaka 1932, ilijengwa hivyo: studio ziliwekwa ndani ya kiini cha matofali mazito, na ofisi zikazizunguka upande wa barabara ili kuzuia kelele. Mawazo yao yalikuwa mazuri. Hata hivyo, chini ya ardhi palipita treni, na ngurumo yake ikasikika katika studio za chini. Walijihami na barabara, adui akaja kwa njia ya udongo.

Udongo wa Kolwezi

Sisi wa Kolwezi twafahamu zaidi ya watu wengi kwamba udongo una siri. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mtu mmoja aliyekuwa akichimba kwenye nyumba yake alikuta mawe ya kobalti. Habari ilienea, na muda si muda watu walikuwa wakichimba uani, jikoni, hata chumbani chini ya kitanda. Mashimo yalishuka makumi ya mita na kuungana chini kwa chini. Nyumba zilipata nyufa, nyingine zikabomoka, na watu walikufa humo. Mwaka 2017 mamia ya jamaa wakahamishwa kutoka sehemu ya mtaa ule, na ukuta ukajengwa kuuzunguka.

Basi, atakayeweka nyumba ya radio katika mji huu asiulize bei ya kiwanja peke yake. Aulize: Chini pana nini? Aende kwa wazee wa mtaa, aende kwa wachimbaji wa mkono, kwa maana wao wajua njia za chini ambazo hazimo katika karatasi ya mpimaji yeyote. Amwite fundi achimbe mashimo ya kupimia udongo. Nyumba ya kawaida ikipata ufa mdogo, wenyewe huziba na kuendelea kuishi. Studio ikipata ufa, kelele zimepata mlango.

Tena aulize: Baruti hupasuliwa wapi, na saa ngapi? Malori ya mawe hupita njia ipi? Mtikisiko husafiri katika ardhi, hupanda msingi, hupanda ukuta, hufika mezani, na toka mezani huingia katika kipaza sauti. Twashauri wanakamati wakae kiwanjani siku nzima, asubuhi, adhuhuri na usiku, na waandike kila kelele wanayoisikia. Kazi hiyo haina gharama. Sisi hatukuifanya.

Namna ya kujenga kimya

Watu wengi hudhani kwamba makasha ya mayai yakibandikwa ukutani huzuia kelele. Si kweli. Makasha hayo ni mepesi. Hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, lakini lori la nje huyapita kana kwamba hayapo. Zaidi ya hayo, hushika moto upesi. Mambo mawili haya yasichanganywe: kuzuia kelele za nje ni kazi moja, na kutuliza mwangwi wa ndani ni kazi nyingine.

Kelele za nje huzuiwa kwa uzito, kwa nafasi, na kwa kuziba. Kuhusu uzito, Mungu ametubariki. Vichuguu vya Katanga hutoa udongo mzuri wa matofali ya kuchoma, na ukuta mnene wa matofali hayo, uliopigwa plasta pande zote mbili, ni ngao nzuri. Kuhusu nafasi, mafundi hujenga kuta mbili zisizogusana, hewa ikiwa katikati, na sakafu ya studio huilaza juu ya mpira ama juu ya sufu ngumu, isishikane na sakafu ya nyumba. Huitwa chumba ndani ya chumba. Jiwe moja au msumari mmoja ukiunganisha kuta hizo mbili, kelele hupita hapo kama mchwa apitavyo kwenye ufa.

Kuhusu kuziba, kumbukeni kwamba penye kupita hewa hupita na sauti. Mlango wa studio uwe mzito, wenye mpira ukingoni, na iwe milango miwili yenye kijumba kidogo katikati, ili mmoja ufungwe kabla wa pili haujafunguliwa. Dirisha la fundi liwe na vioo viwili, kimoja kinene kuliko kingine, na kimoja kiinamishwe kidogo. Matundu ya nyaya yazibwe kabisa.

Na paa? Wasomaji wapenzi, hapa ndipo tulipoanguka. Mabati peke yake ni ngoma, na mvua ndiyo mpigaji wake. Juu ya studio pawe na dari nzito ya zege, yenye kujitegemea, isiyogusa mbao za paa. Hapo mvua ya Kolwezi, inayonyesha tangu Oktoba mpaka Aprili, itapiga ngoma yake huko juu, na msemaji ataendelea chini kwa amani. Fedha tulizotumia kwa rangi na kwa herufi kubwa za mlangoni zingaliweza kununua sehemu kubwa ya saruji ya dari hiyo.

Kwa mwangwi wa ndani, haifai studio iwe ya mraba kamili, wala urefu wake ulingane na kimo cha dari, kwa sababu sauti nzito hurudiana na kuvimba. Kipimo kimoja kinachofaa ni hiki: kimo mita 3, upana mita 3.8, urefu mita 4.6. Ukutani wekeni fremu za mbao zilizojazwa sufu au pamba na kufunikwa kitambaa, mapazia mazito, na zulia chini. Lakini msifunike kila mahali, maana chumba kisicho na mwangwi hata kidogo huchosha, na sauti ya mtu husikika kama imefungwa gunia.

Jambo la mwisho ni hewa. Chumba kilichozibwa hivyo huwa joto upesi, na mtu mwenye jasho hasomi vizuri. Mashine ya kupoza hewa isiwekwe ndani ya studio. Hewa iletwe kwa njia pana yenye kona, iliyovikwa sufu ndani, ili iende polepole pasipo mvumo. Tena ichujwe, kwa kuwa vumbi jekundu la kiangazi huua mashine kuliko uzee.

Umeme, radi na mlingoti

Kolwezi ni mji wa umeme. Karibu nasi ziko nguvu za maji za Nzilo na Nseke, zilizojengwa juu ya mto Lualaba katika miaka ya 1950. Na waya mkubwa utokao Inga, wenye urefu wa kilometa 1,700 hivi, uliomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi, hufika hapa hapa. Hata hivyo jamaa nyingi hula chakula cha jioni kwa mwanga wa mshumaa au wa taa ndogo ya jua. Kituo cha radio kisijidanganye kwamba kitakuwa na bahati kuliko majirani zake.

Fanyeni hesabu. Mtambo wenye kutoa wati 500 hewani hula zaidi ya hizo, pengine wati 800. Ukifanya kazi saa 10 kwa siku, hizo ni kilowati-saa 8, kabla hamjahesabu taa, kompyuta na vipaza sauti. Kwa hiyo paa liundwe tangu mwanzo liweze kubeba vioo vya jua, na mteremko wake mkubwa uelekee kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta. Betri ziwe na chumba chenye matundu ya hewa, maana zile za asidi hutoa hewa inayoweza kuwaka. Jenereta ikae mbali, juu ya msingi wake mwenyewe, isitikise nyumba.

Mlingoti nao una kanuni yake. Sauti ya FM husafiri karibu sawasawa kama macho yaonavyo. Penye uwanda, mlingoti wa mita 25 huona kilometa 20 hivi. Wa mita 100 huona kilometa 41 hivi. Yaani, ukiongeza urefu mara nne, safari yaongezeka mara mbili tu. Kwa sababu hiyo kilima ni zawadi: hutoa mita nyingi pasipo chuma. Studio yaweza kukaa mjini karibu na watu, na mtambo kukaa kilimani, na mtambo mdogo ukavisemesha viwili hivyo.

Tena mlingoti huita radi. Atakaye kuokoa mashine zake na watu wake aweke kinga ya radi kileleni, na waya mnene wa shaba ushuke moja kwa moja mpaka fimbo zilizopigwa ndani ya ardhi yenye unyevu. Vyuma vyote vya nyumba viunganishwe na ardhi hiyo hiyo moja. Hapa twaona jambo la kusikitisha. Shaba yetu hupita Kasumbalesa juu ya malori kila siku, ikielekea bandari za mbali. Lakini mlingoti wa nyumbani hukosa mita chache za shaba, na zikipatikana, mwizi huzikata usiku akaziuze. Basi zikeni waya huo chini, ufunikwe kwa zege mahali watu wapitapo, na fundi aupime kila mwaka kabla ya mvua za kwanza.

Mlango na benchi

Tumesema mengi juu ya kufunga. Sasa tuseme juu ya kufungua.

Kanisa lilianza mapema kuitumia radio. Papa Pio XI alifungua Radio ya Vatikano tarehe 12 Februari 1931, iliyojengwa na Marconi mwenyewe. Katika nchi yetu, Mapadri Wayezuiti walianza kutangaza toka shule yao ya Léopoldville mwaka 1937. Na mwaka 1951 Papa Pio XII alimweka Malaika Gabrieli kuwa msimamizi wa wote watumao habari hewani, yaani malaika yule aliyetumwa na ujumbe, akangoja jibu. Zingatieni hilo la kungoja jibu. Radio isemayo tu, isiyosikiliza, haikuelewa kazi ya Gabrieli.

Kwa hiyo chorani baraza yenye kivuli na benchi ndefu. Hapo ataketi mama mwenye tangazo la msiba, mchimbaji aliyepotewa na mwenzake, mkulima mwenye shida ya mahindi, mtoto atakaye kuimba. Mlango uwe mpana, pasiwe na ngazi ya kumshinda kilema au mzee. Mlinzi awepo, lakini asiwe wa kuwatisha wanyonge.

Na benchi hiyo iwe ya makabila yote. Mji wetu unakumbuka mwaka 1993, jirani alipofukuzwa na jirani kwa sababu ya asili ya baba zake. Mwaka uliofuata, katika Rwanda, dunia nzima iliona radio ikitumiwa kuwachochea watu wauane. Kuta zile zilikuwa imara, na mtambo ulifanya kazi vizuri. Palikosekana mtu wa kusema hapana mbele ya kipaza sauti. Mchoro wa fundi hauwezi kumtia mtu dhamiri. Lakini waweza kusaidia: waandishi na wasemaji wawe na chumba kimoja cha kusomea habari pamoja kabla hazijatoka, meza iwe ya mviringo, na asiwepo anayeingia studio na karatasi ambayo mwenzake hajaiona.

Neno la mwisho

Wazazi wapenzi, siku moja kamati itapita nyumbani kwenu kuomba mchango wa radio. Toeni kwa moyo. Lakini kabla ya kutoa, ulizeni: Chini ya kiwanja pana nini? Dari ya studio ni ya nini? Waya wa radi uko wapi? Mgeni ataketi wapi? Wakijibu vizuri, ongezeni kidogo. Wakiwaonyesha picha ya mbele ya nyumba peke yake, waambieni warudi wakakae kitako.

Kituo chetu kile tulikitengeneza baadaye. Tulitoa dari ya mbao, tukaweka kuta za pili na dari ya zege, na kwa kazi hiyo akina mama walichanga tena, jambo ambalo latutia haya mpaka leo. Siku ya kwanza mvua iliponyesha baada ya matengenezo, tulitoka nje tukaona maji yakimwagika kwa nguvu toka mabati. Tukaingia ndani, tukafunga mlango wa kwanza, kisha wa pili. Kimya. Msemaji alikuwa akisoma matangazo ya misiba kwa sauti ya chini, kama asemavyo mtu na jamaa yake.

Yule mzee tulikwenda kumwona kijijini. Radio yake ilikuwa juu ya kigoda, imefungwa kwa kamba ya mpira. Tulimwomba msamaha, naye akatupokea. Kisha akatuambia: "Sasa nawasikia." Hakuongeza neno, nasi hatukuwa na la kuongeza.

Mungu azibariki jamaa zenu, na awape wajenzi wenu masikio kabla ya matofali.